Mabomu yamepakiwa, ukungu umetanda: majibu kwa wasomaji

Wiki mbili zilizopita niligusia, kwa aya moja tu, habari za Kundi la 410 la jeshi la anga la Marekani. Desemba 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege zake nyepesi za mabomu, A-20 Havoc, zilikuwa kwenye uwanja wa Coulommiers, mashariki ya Paris, Wajerumani walipoanza mashambulizi yao katika misitu ya Ardennes, Ubelgiji, tarehe 16. Ukungu na mawingu ya chini vikabana kazi ya anga hadi tarehe 23, na safari nyingi za makundi kama hilo zikavunjwa. Sikutegemea aya ile ingeleta barua hata moja. Zimekuja nyingi, na nimechagua zile zilizonitoa jasho.

Ndege ina injini mbili na saa za vipimo za kila aina mbele ya rubani. Ukungu unaizuiaje kuruka? (Msomaji, Morogoro)

Kuondoka ardhini si kazi kubwa kama tunavyodhani. Rubani aliyefunzwa vizuri anaweza kupanda akitazama saa zake tu. Kasheshe huanza dakika chache baadaye, kwa sababu ndege hizi hazikwenda vitani mojamoja. Zilikwenda kwa visanduku vya ndege 18, kila kisanduku kikiwa na mafungu matatu ya ndege sita sita, ubawa jirani na ubawa. Kundi likituma visanduku viwili, basi ni ndege 36 zinazotafutana juu ya uwanja mmoja. Sasa zitie zote ndani ya wingu. A-20 haikuwa na rubani wa pili: mtu mmoja ameshika usukani, anasoma saa, na hapohapo anatakiwa asimpoteze mwenzake aliye mbele yake. Akimpoteza, hajui kama yuko juu yake, chini yake au anamjia ubavuni.

Halafu kuna suala la kulenga. Marubani wengi katika kisanduku hawakulenga chochote. A-20G ilikuwa na pua ya chuma iliyojaa bunduki, haina nafasi ya mlenga mabomu. Huyo alikaa kwenye ndege ya kiongozi, A-20J, yenye pua ya kioo. Akiachia yeye, wanaachia wote. Kwa hiyo kiongozi asipoliona lengo, tuseme daraja, kwa kuwa wingu limelala katikati, hakuna hata mmoja kati ya wale 18 anayeweza kumsaidia.

Ila mimi naona sababu iliyowatisha makamanda zaidi ni ya tatu, ambayo watu huisahau: kurudi. Saa mbili unusu au tatu baada ya kuondoka, ndege 36 zinarudi na petroli ya kuhesabu, nyingine zimetobolewa na mizinga ya kutungulia ndege, nyingine zina majeruhi. Kama ukungu umeshuka uwanjani wakati huo, na umeshuka pia viwanja vya jirani, umezipoteza ndege ambazo adui hakuzigusa.

Rada hawakuwa nayo? (Msomaji, Nakuru)

Walikuwa na kitu kilichoitwa Oboe, cha Waingereza. Vituo viwili ardhini viliipigia ndege mawimbi, nayo ikayarudisha. Kituo kimoja kikaiweka kwenye mstari wake, cha pili kikaiambia sasa achia. Ilikuwa sahihi mno, lakini jozi moja ya vituo iliongoza ndege moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ndege moja ya mabomu ya B-26 yenye chombo hicho ilitangulia, wengine wakaifuata na kuachia ilipoachia. Chombo kikiharibika njiani, au ndege hiyo ikatunguliwa, msafara mzima umebaki yatima juu ya mawingu.

Ndege zikiitwa zirudi, mabomu yanafanywaje? Hayalipuki zikigusa ardhi? (Baba wa watoto watatu, Tanga. Ameandika kwamba ni mwanawe wa kati aliyeuliza)

Mwambie kijana swali lake ndilo bora kuliko yote.

Bomu la wakati ule lilikuwa na fyuzi, kifaa cha kulilipua, na kwenye fyuzi ya mbele palikuwa na pangaboi dogo kama la mtoto wa shule. Waya mwembamba ulipita kwenye pangaboi hilo na kulizuia lisizunguke. Ndege ikiachia mabomu vitani, waya unabaki umeshikwa na ndege, bomu linachomoka, upepo unazungusha pangaboi, na baada ya mizunguko kadhaa fyuzi inakuwa tayari. Bila kuzunguka huko, bomu halijaamka. Rubani au mlenga mabomu aliweza pia kuyaachia na waya zake, yaani yaanguke yakiwa yamelala. Hata hivyo hakuna aliyekuwa tayari kuapa kwamba bomu lililolala halitaamka likijigonga.

Kwa hiyo kurudi na mabomu manne ya kilo 227 tumboni kuliwezekana, na kulifanyika sana. Lakini ndege ni nzito, inatua kwa kasi zaidi, breki na matairi vinateseka, na Desemba ile barabara za viwanja vya Ufaransa zilikuwa na barafu. Waliokuwa Uingereza mapema mwaka huo walikuwa na njia nyingine, kuyamwaga baharini. Mpaka leo wavuvi wa Bahari ya Kaskazini na ule mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa hunasa mabomu ya vita kwenye nyavu zao.

Na hapa niwakumbuke watu ambao hawaandikwi. Mafundi wa silaha walianza kazi usiku, kwenye baridi ya kukata vidole, wakayasukuma mabomu kwa vigari, wakayapandisha, wakafunga fyuzi. Asubuhi safari inavunjwa: yashusheni. Mchana lengo limebadilika, si daraja tena bali ni askari walio wazi, basi aina ya mabomu ibadilishwe. Jioni: yashusheni tena. Rubani aliyevunjiwa safari alirudi kitandani. Fundi alirudi kwenye vigari.

Nani alikuwa na neno la mwisho, rubani au bosi wake? Na walijuaje hali ya hewa ya kesho? (Msomaji, Muscat)

Amri ya kwenda au kutokwenda ilitoka makao makuu, juu kabisa ya kundi. Kiongozi wa msafara aliyeko angani alikuwa na ruhusa ya kugeuza akikuta mambo si kama alivyoambiwa. Rubani wa kawaida hakuwa na kura.

Kuhusu kujua: hali ya hewa ya Ulaya kwa kawaida husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, kutoka Atlantiki. Hii iliwapa Waingereza na Wamarekani faida ambayo haikununuliwa kwa risasi. Mvua itakayonyesha Ujerumani kesho kutwa ilikwisha pita Ireland. Ndiyo maana mwanzoni mwa Juni 1944 vipimo vilivyochukuliwa Blacksod, magharibi kabisa ya Ireland, na Maureen Sweeney, msichana wa posta aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 21, vilimfikia James Stagg, mtabiri mkuu wa hali ya hewa wa jenerali Eisenhower, kamanda wa uvamizi wa Normandy huko Ufaransa, na uvamizi huo ukasogezwa kutoka tarehe 5 hadi tarehe 6.

Wajerumani, wakiwa upande wa mwisho wa foleni, walilazimika kupeleka watu wakapime hewa kwa siri Greenland na Svalbard, visiwa vya Norway huko kaskazini. Kikosi kimoja cha watu 11 kilisahauliwa huko Svalbard vita vilipokwisha. Kilijisalimisha Septemba 1945, kwa wawindaji wa sili wa Norway, kwa kuwa hapakuwa na jeshi lililokuja kuwachukua.

Usidhani lakini kwamba hao wa mwisho wa foleni hawakujua kuutumia ukungu. Hitler aliyangoja mawingu yale ya Ardennes kwa makusudi. Alijua anga likiwa jeupe vifaru vyake havitafika popote.

Je, ikiwa amri ya kurudi haikusikika? (Msomaji, Bujumbura)

Ilitokea, tarehe 13 Agosti 1940, siku ambayo Wajerumani waliipanga iwe mwanzo wa kuliangamiza jeshi la anga la Uingereza. Asubuhi mawingu yalikuwa mabaya na Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, akaahirisha mpaka alasiri. Ndege za mabomu za Dornier 17 chini ya Johannes Fink zilikwisha ondoka, na redio zao hazikuipata amri. Ndege za kuzisindikiza ziliipata. Kiongozi wa wasindikizaji, Huth, akapita mbele ya pua ya Fink akipinduka na kujirusha angani ili amwashirie kwamba safari imevunjika. Fink akadhani mwenzake ana furaha tu, akaendelea, akashangaa kuona wasindikizaji wamepotea.

Alifika Eastchurch, katika Kent, akapiga uwanja. Yale yale mawingu yaliyosababisha aitwe arudi ndiyo yaliyomficha kwa sehemu ya njia. Kisha Waingereza wakamkuta, na Dornier tano hazikurudi. Inasemekana simu aliyopiga aliposhuka haifai kuandikwa gazetini, nami siiandiki.

Mwandishi, umetuonyesha mawingu kama adui tu. Si kichaka cha kujificha pia? (Mwanajeshi mstaafu, Dodoma)

Shikamoo mzee wangu, umenishika pabaya. Ni kweli, na kuna wakati safari zilivunjwa kwa sababu hali ya hewa ni *nzuri*.

Mwaka 1940 Waingereza walikuwa wakituma ndege zao nyepesi, Blenheim, mchana kweupe bila wasindikizaji. Amri iliyokuwapo ni kwamba wasipopata mawingu ya kutosha kujifunika, wageuze. Wengi waligeuza, na wapo waliodhaniwa waoga kwa kutii. Waulize wa Kikosi cha 82. Siku ileile ya Fink, tarehe 13 Agosti 1940, Blenheim 12 za kikosi hicho zilitumwa kuupiga uwanja wa Aalborg, Denmark. Moja iligeuza njiani. Kumi na moja zilizofika zilitunguliwa zote.

Na turudi Desemba 1944. Tarehe 23 mawingu yalipofunguka, makundi yote yalikimbilia angani kwa furaha. Kundi la 410 lilipata heshima ya taifa lake kwa kazi ya siku tatu, tarehe 23 hadi 25. Lakini siku hiyohiyo ya 23, Kundi la 391, lenye B-26 zilizo kubwa kuliko A-20, lilikwenda kupiga daraja la reli la Ahrweiler bila wasindikizaji. Ndege za kivita za Wajerumani nazo zilikuwa zinalingoja jua. Kundi lilipoteza ndege 16.

Mnawahurumia marubani. Waliokuwa chini je? (Mama, Goma. Anasema ameishi chini ya ndege na hahitaji kuelezwa)

Sikuelezi, mama. Nakujibu kwa mahali.

Malmedy ni mji wa Ubelgiji, na siku hizo ulikuwa mikononi mwa Wamarekani wenyewe. Tarehe 23 Desemba, siku hiyo ya anga jeupe, ndege za Marekani zilizotumwa kupiga Zülpich, Ujerumani, ziliukosea na kuupiga Malmedy, kilomita 50 hivi kutoka kwenye lengo. Theluji ilikuwa imefanya miji ifanane. Mji ukapigwa tena na ndege za upande uleule tarehe 24 na 25. Walikufa raia zaidi ya 200, pamoja na askari wa Marekani. St. Vith, upande wa kusini, ulipigwa Krismasi na kesho yake, kwa makusudi, kwa sababu ulikuwa njia panda ya barabara, na haukubaki mji.

Wiki ya ukungu ambayo marubani waliilaani ilikuwa, kwa watu wa miji hiyo miwili, wiki ambayo angalau hakuna kilichowaangukia kutoka kwa rafiki. Nilipoandika ile aya ya kwanza sikuliwaza hilo. Ahsante kwa kunisukuma.

Huku kwetu vita vile vilifika. Hali ya hewa iliwahi kuamua lolote? (Msomaji, Garissa)

Iliamua tarehe. Kutoka Juni 1940 ndege za Afrika Kusini zilikuwa Kenya zikiwapiga Waitalia, waliotawala Ethiopia na Somalia wakati huo, upande wa Moyale na Somalia. Kati yake zilikuwamo Junkers 86, ndege za Kijerumani ambazo kabla ya vita Afrika Kusini ilizinunua kubebea abiria. Viwanja vingi vya kaskazini vilikuwa vya udongo, na barabara hali kadhalika. Wewe wa Garissa unaujua udongo huo masika yakishapiga: lori halitoki, wala ndege.

Jenerali Cunningham wa Uingereza alikusudia kwanza kuingoja masika ipite, aanze Mei. Baadaye akabadili shauri na kuamua kuiwahi mvua badala ya kuingoja. Majeshi yake, yakiwamo ya King's African Rifles, askari wa Afrika Mashariki chini ya Waingereza, yakaingia Somalia. Kismayu ikachukuliwa tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili.