Saa moja na picha tatu

Mwalimu, umeuliza kama saa moja inatosha darasa kuzunguka jumba zima la sanaa. Haitoshi, na usijaribu. Chagua picha tatu, wakae chini mbele ya kila moja, watazame kimya kwanza. Kisha tumia maswali ya Housen na Yenawine, waliobuni mbinu ya kujadili picha na wanafunzi: Nini kinaendelea hapa? Umeona nini hata ukasema hivyo? Tunaona nini kingine? Hilo la pili ndilo lenye kazi, maana mtoto analazimika kurudi kwenye picha kutafuta ushahidi. Jina la mchoraji liache mwisho. Wabebe penseli (majumba mengi hayaruhusu wino). Karatasi ya kujaza majibu ningeiacha shuleni. Wakiwa nayo huishia kunakili vibandiko vya maelezo ukutani.