Mwezi wa Dar Umelala Chali: Nilivyojifunza Kumwonyesha Mtoto Anga

Mwanangu alipokuwa na miaka tisa alirudi nyumbani na daftari la kuchora, uso umemshuka. Alikuwa amechora mwezi mchanga juu ya mapaa ya bati, umelala chali, ncha zote mbili zikitazama juu kama omo na tezi za ngalawa. Kalamu nyekundu ilikuwa imeupiga mkasi. Pembeni mwalimu alikuwa amemchorea mwezi uliosimama wima, ule wa kwenye bendera na katuni.

"Mama, mimi niliuona hivi hivi," akaniambia.

Mwezi ulipoandama tena nilitoka naye nje. Tunaishi Tabata, na ukikaa kwenye ngazi za nyumba ya jirani unaona magharibi vizuri. Ilikuwa saa moja kasoro jioni. Mwezi ulikuwa pale, umelala kama ngalawa iliyopumzishwa ufukweni. Mtoto alikuwa sahihi. Kilichoniuma ni kwamba sikuweza kumweleza kwa nini.

Baadaye nilielewa. Dar ipo nyuzi 7 hivi tu kusini mwa ikweta. Hapa kwetu jua linashuka karibu wima, kama ndoo inavyoshushwa kisimani, na mwezi mchanga unalifuata kwa njia ileile. Upande wa mwezi unaong'aa siku zote umeelekea jua lilipo. Jua likiwa limeshazama chini yake, mwanga unaushika tumboni. Uingereza jua huzama kwa mshazari, kwa hiyo mwanga unaushika ubavuni na mwezi unaonekana umesimama. Vitabu vingi vya picha vinavyofika kwetu vilichorwa na watu wa huko. Hawakukosea, walichora anga la kwao.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, mtoto akikueleza alichokiona angani, usikimbilie kitabu. Toka naye ukaangalie. Na ukitumia ramani ya Mwezi iliyochapishwa ughaibuni, izungushe mkononi mpaka ifanane na unachokiona. Mimi nilipoteza wiki mbili nikidhani nimeshindwa kuisoma, kumbe nilikuwa nimeishika kama mtu wa kaskazini.

Sasa vifaa. Nilianza kwa kununua mjini darubini ya jicho moja iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inakuza zaidi ya mara 500. Pesa ile ilikuwa ya akiba ya miezi mitatu. Miguu ya kuisimamishia ilitetemeka kila tulipoigusa, na kioo chake kidogo kilituonyesha ukungu tu. Mtoto alisubiri kwa subira kubwa, na mimi nilisikitika kuliko yeye. Ukiona boksi linajisifia ukuzaji mkubwa, liache. Tafuta darubini ya macho mawili, zile wanazobeba waongoza watalii, yenye namba 10x50 au 7x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Hata iliyotumika inafaa, mradi vioo havina ukungu ndani. Geuza kiti cha plastiki, kaa ukiegemeza viwiko kwenye mgongo wake, na picha itatulia.

Wala usisubiri safari ya kijijini. Kweli, taa za jiji zinaficha nyota ndogo, na Kilimia, lile kundi la nyota ndogo, naiona vizuri pale tu umeme unapokatika. Lakini Mwezi na sayari zinazong'aa havijali taa za Dar. Miezi ya Juni hadi Septemba mawingu ni machache, ndiyo tunayotoka zaidi. Masika tunajipumzikia.

Watu wengi huenda Coco Beach kuuona mwezi mpevu ukichomoza baharini, nami huenda, kwa sababu ni uzuri usiochosha. Lakini kwa kujifunza, mwezi mpevu ndio mbaya kuliko yote. Jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli havipo, na kila kitu kinaonekana bapa. Nenda siku ya saba au ya nane baada ya kuandama, Mwezi ukiwa nusu na uko juu kichwani jioni. Tazama ule mstari unaotenganisha mwanga na giza. Pale jua ndiyo kwanza linachomoza huko Mwezini, na kila kilima kinatupa kivuli kirefu. Utaona mashimo ya duara yamepangana, mengine ndani ya mengine. Rudi kesho yake. Mstari umesogea, mashimo ya jana yamefifia, mapya yamejitokeza. Mwanangu ndipo alipoacha kuomba simu jioni.

Mashimo hayo tulianza kuyaita Ngorongoro, na ilibidi niyatenganishe. Kreta ya Ngorongoro, yenye upana wa kilomita 20 hivi, ni volkano iliyobomoka na kujizamisha yenyewe. Mashimo ya Mwezini karibu yote yalichimbwa na miamba iliyoanguka kutoka angani. Moja liitwalo Tycho, upande wa kusini wa Mwezi, lina upana wa kilomita 85 hivi. Linapofikiwa na mwanga na Mwezi kuelekea kujaa, utaona michirizi myeupe imetawanyika kutoka kwake kwenda kila upande. Tulijaribu jambo hilo uani: jaza majivu kwenye sinia, nyunyizia vumbi la mkaa juu yake, kisha dondosha kokoto ukiwa umesimama. Kokoto inachimba shimo la duara, na majivu meupe yanaruka juu ya weusi kama miale. Hiyo ndiyo Tycho. Rudia kwa kokoto kubwa na ndogo. Majivu hayana gharama, na watoto wa jirani watakuja wenyewe.

Yale mabaka meusi yanayoonekana hata bila darubini, bibi yangu alituambia ni mwanamke amebeba kuni. Wanaastronomia wa zamani waliyaita bahari, na jina limebaki, ingawa hayana tone la maji. Ni tambarare za basalti, mawe ya volkano. Miamba mikubwa ilichimba mabonde mapana, kisha zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita uji wa moto ulipanda kutoka chini, ukayajaza na kuganda. Kwenye mojawapo, Bahari ya Utulivu, ndiko walikotua watu wa Apollo 11, safari ya Wamarekani, Julai 1969. Nyayo zao bado zipo. Hakuna upepo wa kuzifuta wala mvua ya kuzisomba. Hapa kwetu masika moja tu inafuta barabara nzima ya mtaa.

Hapa ndipo pananigusa zaidi. Dunia nayo ilipigwa na miamba ileile, pengine zaidi, kwa sababu ni kubwa. Lakini mvua, mito na mwendo wa ardhi vimefuta karibu makovu yote. Mwezi umeyatunza. Ukimwonyesha mtoto uso wa Mwezi, unamwonyesha pia utoto wa Dunia.

Na Mwezi wenyewe ulitoka wapi? Safari za Apollo zilirudi na mawe ya kilo 382, na mawe hayo ndiyo yaliyobadilisha mjadala. Aina za oksijeni zilizomo zinafanana mno na za miamba ya Dunia. Wakati huohuo Mwezi una chuma kidogo sana katikati yake, na vitu vinavyogeuka mvuke upesi ni haba. Maelezo yanayokubaliwa na wanasayansi wengi ni haya: miaka kama bilioni 4.5 iliyopita, Dunia ikiwa changa, iligongwa na sayari yenye ukubwa karibu wa Mirihi, waliyoipa jina la Theia. Sehemu ya nje ya Dunia na ya mgeni huyo vikayeyuka na kurushwa angani. Vikazunguka, vikakusanyana, vikawa Mwezi. Chuma kizito kilibaki huku chini, ndiyo maana Mwezi umekipata kidogo.

Mwanangu aliuliza kama basi Mwezi ni mtoto wa Dunia. Nilimjibu kwamba ni kama mtoto, na bado wanavutana. Ukitaka aone mvuto huo, mpeleke Kunduchi au Msasani wakati wa bamvua. Mwezi ukiandama na ukijaa, jua na Mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Wavuvi wanajua hesabu hii kuliko mimi, na mzee mmoja wa pale alimfundisha mwanangu kuhesabu siku za mwezi kwa maji, jambo ambalo nisingeliweza. Nilichoongeza mimi ni kwamba huko kuvutana kunausogeza Mwezi mbali nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka, kama upana wa vidole viwili. Hilo limepimwa kwa miale ya leza inayorushwa kwenye vioo vilivyoachwa Mwezini na wanaanga wa Apollo.

Kabla ya kwenda kwenye sayari, pima ukubwa kwa vitu vya nyumbani. Kipenyo cha Mwezi ni kilomita 3,474, kama safari ya basi kutoka Dar hadi Mwanza mara tatu. Chukua mpira wa miguu uwe Dunia. Mwezi ni limau. Mwambie mtoto aliweke limau mahali pake, na wengi wataliweka karibu na mpira. Mahali pake ni mita 6 na nusu hivi, mipira 30 kwa mstari. Zuhura ni mpira mwingine karibu sawa na wa kwanza, Mirihi ni balungi dogo, Utaridi ni chungwa. Ila Zuhura, hata ikija karibu kabisa, ingekuwa mita zaidi ya 600 kutoka uani. Kwetu hiyo ni kituo cha daladala kinachofuata. Tulitembea mpaka kituoni na mpira mkononi, na tangu hapo hakuna aliyeniuliza kwa nini sayari inaonekana kama nukta.

Utaridi nitaipita haraka, kwa sababu inajificha karibu na jua na sisi tumeiona mara mbili tu. Ina mashimo kama Mwezi na haina hewa ya maana. Mchana wake joto linafika nyuzi 430, usiku linashuka hadi 180 chini ya sifuri.

Zuhura ndiyo ya kuanzia. Hung'aa kuliko nyota yoyote, jioni magharibi au alfajiri mashariki kutegemea kipindi. Kwa ukubwa ni pacha wa Dunia, lakini imefunikwa na hewa nzito ya kaboni dayoksaidi inayozuia joto lisitoke, mfano wa gari lililofungwa vioo juani. Huko chini ni nyuzi 465, joto la kuyeyusha madini ya risasi. Chombo cha Kisovieti Venera 13 kilitua mwaka 1982 na kikadumu dakika 127. Onyo moja la lazima: usimpe mtoto darubini kutafuta Zuhura kabla jua halijazama lote. Kutazama jua kwa darubini, hata mara moja, kunaharibu jicho moja kwa moja.

Mirihi utaitambua kwa wekundu wake, ambao ni kutu, chuma cha ardhi yake kilichoungana na oksijeni. Hutukaribia kila baada ya miezi 26 hivi, na miezi hiyo inang'aa sana. Kwa darubini ya mkononi haionyeshi zaidi ya rangi, mwambie mtoto mapema asivunjike moyo. Lakini mweleze kwamba huko kuna Olympus Mons, mlima wa volkano wenye kimo cha kilomita 22 hivi, zaidi ya Kilimanjaro mara tatu na nusu.

Sayari hizi zote nne za miamba, Dunia ikiwemo, zilitokana na vumbi lililolizunguka jua changa. Karibu na jua palikuwa na joto, barafu haikuweza kuganda, mawe na chuma ndivyo vilivyobaki kujengea. Ukisafiri Songwe, simama Mbozi uguse kile kimondo. Ni pande la chuma la zaidi ya tani 10, na vimondo vingi vya namna hiyo ni mabaki ya moyo wa vijisayari vilivyovunjika wakati huo. Mwanangu aliweka kiganja chake juu yake, akanyamaza muda mrefu.

Mwezi ukiandama safari hii, toka mapema. Siku ya kwanza una chini ya saa moja tangu jua kuzama kabla nao haujazama upande wa Pugu. Tazama pia ile sehemu yenye giza ndani ya ngalawa: utaiona inang'aa kwa mbali. Huo ni mwanga wa jua uliodunda kutoka Duniani, kutoka kwenye bahari na mawingu yetu, ukafika Mwezini na kurudi machoni pa mtoto wako.