Picha za baba: tuziuze tutoe sadaka au tugawane?

Shikamoo shangazi. Baba yetu alikuwa mchoraji hapa Ujiji, Kigoma. Alifariki mwaka jana kwa saratani, baada ya kwenda na kurudi Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, mpaka nguvu zikamwishia. Ameacha picha nyingi stoo. Siku za mwisho aliniambia, mama akiwepo: "Picha zangu ziwafae wagonjwa wenzangu." Nimepata mgeni anayezitaka zote kwa mkupuo, na kipo kikundi kinachowasaidia wagonjwa nauli na malazi. Kaka hataki. Anasema yeye hakuambiwa, ziuzwe tugawane. Sasa hata salamu hatupeani. Nifanyeje?
Binti wa marehemu, Ujiji

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Kutoka Kigoma mpaka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mtu aliyeikata njia hiyo na maumivu yake, kisha akawakumbuka wenzake, si wa kupuuzwa neno lake.

Ila umeniandikia "nimepata mgeni" kana kwamba mali ni yako. Picha hizo ni mirathi, sawasawa na nyumba na shamba. Mpaka awepo msimamizi wa mirathi, wewe huna ruhusa ya kuuza, na kaka pia hana. Kaeni kikao cha ukoo, mteueni mtu, mpeleke muhtasari na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo. Inachosha, najua, lakini mnunuzi mwenye akili atakuuliza barua ya usimamizi kabla hajatoa hela.

Hukuniambia dini yenu. Kama mnarithi Kiislamu, wasia kwa asiye mrithi hauvuki theluthi ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, isipokuwa warithi wenyewe waridhie zaidi. Kwa hiyo kaka ana haki kudai chake, nawe una haki kulishikilia neno la baba. Na huyo mama aliyelisikia, mbona umempitia juu juu? Ni shahidi, tena ni mrithi mwenye thumni yake, yaani fungu moja la nane. Akae kikaoni, aseme mwenyewe alichosikia, na kama alikuwepo mtu mwingine chumbani aitwe pia. Kaka amekukasirikia kwa kuwa umemletea wasia na mnunuzi siku moja. Hata mimi ningeshtuka. Akikataa katakata hata baada ya hapo, fungu lako likitoka ni lako, litoe lote ukipenda. La kwake mwachie.

Huyo mgeni wa mkupuo sijampenda. Anayechukua zote hulipa picha nzuri kwa bei ya zile dhaifu. Mwambie asubiri, nawe uingie stoo. Ziinue kutoka sakafuni na uziachanishe na ukuta, mchwa hawana matanga. Piga kila moja picha kwa simu, mbele na nyuma, andika vipimo na mwaka kama upo. Nyuma hasa paangalie: ukikuta jina la mtu kwa penseli, huenda ni oda iliyokwishalipiwa, na hilo ni deni la marehemu. Mama naye achague anazotaka zibaki nyumbani kabla bei hazijatajwa.

Siku ya kuuza, hati iseme mnunuzi amenunua picha tu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, haki ya kuzichapisha kwenye fulana au kalenda hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mchoraji, na ni ya warithi. Ukitatizika, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Hicho kikundi nacho kikaguliwe. Omba cheti cha usajili, na fedha ziingie benki kwenye akaunti yenye jina la kikundi, upewe risiti yenye muhuri, kaka akishuhudia. Wakikwambia utume kwenye simu ya mwenyekiti, rudi nazo nyumbani mtafute wengine.