Maswali yenu: Upupu na ugonjwa wa Parkinson

Shikamoo daktari. Baba ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Jirani anasema mbegu za upupu ni dawa. Upupu huu huu unaowasha? (Tanga)

Marahaba. Ndiyo, huo huo, na jirani hajatunga. Kinachowasha ni vinyweleo vya ganda. Ndani ya mbegu mna levodopa, mara nyingi asilimia 4 hadi 6 ya uzito, na levodopa ndiyo iliyomo kwenye vidonge vya baba. Ikifika ubongoni hugeuka dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mwendo wa mwili, ambayo mgonjwa wa Parkinson amepungukiwa. Mwaka 2004 madaktari wa London waliwapa wagonjwa 8 unga wa mbegu hizo: ulianza kazi baada ya dakika 35 hivi, vidonge baada ya dakika 69.

Basi nimsagie, vidonge aache? (huyo huyo)

Taratibu, mwanangu. Vidonge vina pia karbidopa, inayozuia levodopa isiishie njiani kabla ya kufika ubongoni. Unga hauna, ndiyo maana hutaka dozi kubwa na tumbo hulalamika. Huko Bolivia wagonjwa 14 walijaribu kuutumia kila siku kwa wiki kadhaa; 7 waliuacha, wengine kwa tumbo, wengine kwa sababu hali ilizidi kuwa mbaya. Tena mbegu za shamba hili na lile hazilingani nguvu. Akichanganya na vidonge, dozi inaweza kuzidi: presha ikashuka akisimama, viungo vikajinyonganyonga, akaona visivyokuwepo. Akiacha vidonge ghafla anaweza kukakamaa na kupata homa kali, na hapo ni kukimbilia hospitali. Kama shida ni bei, mwambie daktari wake waziwazi.

Na tuelewane: si unga si kidonge kinachoponya. Vyote hupunguza dalili tu.

Mama anasahausahau. Nimnunulie ginkgo, ile dawa ya majani? (Mombasa)

Hela yako itunze. Marekani waliwafuatilia wazee zaidi ya 3,000 kwa miaka kadhaa, matokeo yakatoka 2008: ginkgo haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Mmea uliozaa dawa kweli ni ua dogo la Ulaya, Galanthus. Kutoka humo ilipatikana galantamini, ambayo Marekani iliidhinisha kwa Alzheimer, aina ya ugonjwa huo wa kusahau, mwaka 2001. Husaidia kiasi, kwa cheti cha daktari. Ila mpeleke mama kwanza apimwe: upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo iliyolegea huleta usahaulifu, na hayo yanatibika.

Na mlonge? (Morogoro)

Mboga nzuri. Pika, ule.