Matairi ya theluji na chaji ya pikapu ya umeme
Umeuliza kama matairi ya theluji ndiyo yanayokula chaji ya pikapu yako. Kwa kiasi, ndiyo: mpira wake ni laini, na kashata, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, zina mikato mingi inayojikunja kila tairi linapozunguka, nguvu hupotelea humo. Ila baridi yenyewe, pamoja na hita, mara nyingi hula zaidi. Linganisha safari za siku zenye baridi sawa, la sivyo utayasingizia matairi.

Pima upepo wa matairi kabla hujaondoka. Hushuka takriban PSI 1 (kipimo cha shinikizo la upepo) kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi joto linapopungua. Joto la nje likidumu juu ya nyuzi 7, yavue matairi haya: uzito wa betri na msukumo wa mota huyasaga upesi. Kina cha kashata kikipungua hadi milimita 4, mshiko kwenye theluji umeshapungua sana.