Sahani Moja, Sukari Mbili

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mimi na mume wangu tuna kisukari cha aina ya pili na sote tunatumia dawa ya metformini. Tunakula sahani moja, lakini saa mbili baada ya ugali sukari yangu hufika 13 na yake haizidi 9. Jirani anasema ni bakteria wa tumboni. Je, ninunue vidonge vya bakteria?
Mama J., Morogoro

JIBU: Ahsante, mama. Jirani yako ana sehemu ya ukweli. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walifuatilia watu 800 wasio na kisukari, wakaona kwamba chakula kilekile humpandisha mmoja sukari sana na mwingine kidogo, na kwamba bakteria wa utumbo huchangia tofauti hiyo. Uzito, usingizi na nguvu iliyobaki katika kongosho (kiungo kinachotoa insulini, homoni inayoshusha sukari) navyo vimo, kwa hiyo usijilaumu.

Bakteria hao hukaa zaidi katika utumbo mpana, ambako huchachusha nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya na kutoa asidi kama butirati, inayolisha ukuta wa utumbo na kuamsha homoni ya GLP-1, ambayo huihimiza kongosho kutoa insulini sukari inapopanda. Anayekula sembe, yenye nyuzinyuzi chache, mchana na usiku huwaacha bakteria hao na njaa. Nchini China, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 43 wa kisukari walipewa dawa ileile, lakini waliokula nyuzinyuzi nyingi za aina mbalimbali walishusha sukari vizuri zaidi, huku aina kadhaa za bakteria watengenezao asidi hizo zikistawi tumboni mwao.

Ndiyo maana vidonge nisingevitanguliza. Fedha hiyo nunua kunde, choroko, maharage na dona. Kula mboga na maharage kwanza, kisha ugali, tena ugali uwe mdogo kuliko ulivyozoea, kwani hata dona hupandisha sukari. Maharage na mboga ongeza polepole, maana tumbo lisilozoea hujaa gesi, na wengi huacha katika wiki ya kwanza kwa sababu hiyo tu. Mwenye tatizo la figo aulize kliniki kabla ya kuongeza maharage.

Metformini usiiache, yenyewe pia hubadilisha bakteria wa utumbo. Pima kabla ya kula na saa mbili baadaye, andika ulichokula, kisha upeleke daftari hilo kliniki, kwa sababu 13 ikijirudia mara nyingi daktari wako anapaswa kuipitia dawa yako bila kusubiri maharage yafanye kazi.