Churchill Oktoba: gari liache Thompson

Dada, umeuliza kama mwanzoni mwa Oktoba ni wakati mzuri wa kuona dubu weupe Churchill, ule mji mdogo wa kaskazini mwa Kanada kwenye jimbo la Manitoba, na kama mnaweza kwenda kwa gari. Kwa gari haiwezekani, barabara haifiki kule. Mnaweza kuendesha hadi Thompson, mji ulio kusini yake, muache gari hapo, mpande treni usiku kucha. Treni kutoka Winnipeg yenyewe, mji mkuu wa jimbo, huchukua kama siku mbili, na inakwenda mara mbili tu kwa wiki, tena kuchelewa ni kawaida yake. Kama likizo ni fupi, ndege, ingawa bei itakuuma.

Kuhusu tarehe, mimi ningesogeza hadi mwisho wa Oktoba au wiki ya kwanza ya Novemba. Dubu hukusanyika ufukweni wakisubiri Ghuba ya Hudson igande ili waende kuwinda sili. Barafu ikishakaza, wanaondoka zao. Shida ni kwamba huo ndio msimu wa watu pia, na mji una wakazi wasiofika 1,000, kwa hiyo vyumba huisha mapema mno. Wengine huweka nafasi mwaka mzima kabla.

Na watoto wasizurure peke yao, hasa jioni. Wenyeji wengi hawafungi magari yao kwa ufunguo, ili mtu akikutana na dubu apate pa kujitosa. Mwenye kukiuka na kuingia mjini hukamatwa na kuwekwa mahabusu (dubu, si mtu).